Mjerumani Uliyemlisha Maneno

Papa mpendwa,

Nimekuota tena. Ulikuwa juu ya toleka yako, ile baiskeli ya kubebea watu yenye kiti cha nyuma cha sponji nyekundu, unapita polepole katika ule mji wa Wajerumani wa kwenye filamu, mji wa makala, yale makaa ya kuchimbwa ardhini. Bomba refu la moshi lilisimama pale penye daraja la Tshopo, na vumbi jeusi lilikuwa linaangukia mabati ya mtaa wetu wa Kabondo taratibu, bila kelele. Nilikaa nyuma yako nimekushika kiuno. Nikakuuliza, "Papa, tunaenda wapi?" Ukageuka kidogo, ukafungua kinywa, nami nikaamka. Siku hizi naamka hapo hapo kila mara. Nakasirika, halafu nacheka, halafu naenda kuwasha makala ya chai.

Nina jambo la kukuambia, na nikingoja unijibu ndotoni nitazeeka. Merveille, mjukuu wako, anataka kwenda Lubumbashi kusomea madini. Amekubaliwa huko. Ananiangalia usoni asubuhi na jioni akingoja neno langu, nami namjibu kwa kumwuliza kama amekula. Ee, cheka tu. Hilo nimelirithi kwako.

Toka mume wangu afariki tumebaki wawili katika nyumba hii, mimi na yeye. Natoka maternité nimechoka, nimepokea watoto wa watu mchana kutwa, nafungua mlango nasikia anaimba jikoni, na uchovu wote unaisha. Sasa huyo ndiye anataka kuondoka akaangalie mashimo. Mashimo, papa! Kila wiki radio inasema shimo fulani limeangukia watu. Wanaosema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, mimi nimeuona uchungu huo kwa wanawake wengi sana, na nakuambia ule wa kuzaa ni mdogo.

Lakini ngoja nikurudishe kwenye salle, ule ukumbi wako wa video.

Unaikumbuka harufu yake? Mbao mbichi, jasho, karanga za kukaanga, na kile kitambaa cheusi mlichotundika dirishani ili jua la saa tisa lisiingie. Siku za kazi ulikuwa papa wa toleka kama papa wengine. Jumamosi, na Jumapili baada ya misa, ulivaa shati jeupe la pasi, ukashika fimbo yako ya mwanzi, ukasimama kando ya televisheni, na hapo ukawa mtu mwingine kabisa. Filamu ingeweza kusema Kichina, Kihindi, lugha yoyote ile. Wewe ulisoma yale maandishi ya Kifaransa yaliyopita chini ya picha na kutupa yote kwa Kiswahili chetu. Matusi tu ndiyo uliyatoa kwa Kilingala, kwa sababu, ulisema, tusi la Kilingala lina chumvi.

Na ulikuwa na sheria zako. Ya kwanza, hakuna mtu aliyepita kwenye kioo kile akabaki na jina lake la kwao. Wote uliwabatiza. Jambazi mkuu, kila filamu, ulimpa jina la mwenye nyumba wetu, na watu walikuwa wanalisubiri kwa hamu. Sheria ya pili ilihusu courant, huo umeme wetu. Courant ya Kisangani unaijua, inaondoka bila kuaga. Kwenye salle nyingine watu walipiga kelele na kutoka. Kwako hawakutoka, kwa maana picha ikizimika wewe hukunyamaza. Ulikuwa umeitazama kaseti asubuhi, ukaishika yote kichwani, ukaendelea kuisimulia gizani kana kwamba hakuna kilichotokea. Courant ikirudi, salle nzima ilipiga kelele, "Peleka mbele! Pale tumekwisha kusikia!" Nawe ulisukuma kaseti mbele mpaka pale mdomo wako ulipofika.

Kwa hiyo kuna vipande vya filamu ambavyo sisi watoto wa Kabondo hatukuviona kamwe. Tulivisikia tu. Na mpaka leo navikumbuka vizuri kuliko vile nilivyoviona.

Ile ya Wajerumani ilikuja kwa bahati mbaya. Asubuhi mashine ilikuwa imekula kaseti ya karate, na wewe ukatazama nyingine uliyoitoa kutoka katika boksi ambalo mzungu mmoja alimwachia abbé, padri wetu, alipokuwa anarudi kwao. Watu walinusa mapema.

"Papa, hii filamu iko na bunduki?"

"Hapana."

"Iko na karate?"

"Hapana."

"Alors iko na nini?"

"Iko na makala," ukasema.

Mama Salima, yule mama wa Maniema aliyekuwa anauza makala pale kwenye kona yetu, alikuwa amekwisha kusimama aondoke. Akakaa tena, akakunja kikwembe chake magotini. "Makala? Bon. Nabaki nione."

Kwenye kioo alitokea msichana mwembamba, nywele zake nyekundu amejisuka mikia miwili, amekaa juu ya mlima wa mawe meusi anaangalia moshi. Alikuwa na umri wangu. Ukamgusa paji la uso kwa fimbo. "Huyu mutoto iko naitwa Zawadi."

Jina langu! Mabenchi yote yaligeuka kuniangalia. Nilijifunika uso kwa mikono, na kupitia katikati ya vidole niliendelea kumtazama yule Zawadi mwingine. Mama yake alikuwa amekufa, kama wangu. Papa yake alikuwa anafanya kazi chini ya ardhi, anashushwa shimoni na wenzake katika kitu kama kibanda cha kuku cha chuma, na jioni wanapandishwa nyuso zikiwa nyeusi, macho tu ndiyo meupe.

"Kumbe nao wakifanya kazi wanakuwa kama siye!" mtu akapaza sauti nyuma, na salle ikaanguka kicheko.

Mama Salima hakucheka. Yeye alikuwa na swali la kazi. "Papa, ile makala iko chini ya udongo. Miti nani aliichoma?"

Hukubabaika hata kidogo. "Ni Mungu aliichoma, mama Salima. Zamani sana. Halafu akasahau kuitoa."

"Eh! Na hawaweki maji juu yake? Haifuki moshi huko chini?"

"Inafuka. Ndiyo sababu wanakohoa."

Nakumbuka na wakati wa nguo. Wale wanaume walipofika kazini walifunga nguo zao za nyumbani kwenye mnyororo, wakazivuta juu mpaka darini, zikabaki zinaning'inia, makoti na suruali na viatu, chumba kizima. Wanawake walipiga yowe. "Yesu! Wamenyongwa!" Wewe ukanyoosha mikono, "Ni nguo! Ni nguo tu! Tulieni, wenyewe wako salama!" Kwa muda mrefu baadaye niliziona zile nguo ndotoni, zinapumua kidogo kidogo. Sikuziogopa. Zilikuwa kama zinawangoja wenyewe.

Na njiwa je? Yule Mjerumani alifuga njiwa juu ya nyumba, anawashika kwa vidole vyake vyeusi, anawabusu kichwani, anawaachia, wanarudi. Salle haikuelewa. "Njiwa wote hao, na iko nakula mikate mikavu?" Ukawajibu kwamba ni wageni wake, na mgeni haliwi. Mwishowe uliwalisha lituma, Mjerumani na mwanawe, kila walipokaa mezani. Ulikuwa unasema, "Sasa iko natwanga ndizi ya lituma," nasi tuliona viazi kwa macho yetu na hatukubishana.

Kiangazi cha kule kilikuwa kirefu na cheupe. Zawadi wa Ujerumani alipanda baiskeli na kijana mmoja, wakapita penye mabehewa yenye kutu, wakalala kwenye nyasi, hawasemi kitu. Pale kijana alipomsogelea, wewe ulikohoa. "Hapa wanaongea mambo yao," ukasema, ukaiangalia dari hadi walipomaliza. Nilicheka na kuona haya kwa pamoja, na nilihisi kitu kinanipanda kifuani nisichokuwa na jina lake. Nadhani mchana ule ndipo utoto wangu ulipoanza kuniaga, pale kwenye benchi, ganda la karanga mkononi.

Halafu king'ora. Wanawake wa mji ule wakatoka mbio na aproni zao, wakasimama getini, hakuna aliyelia. Hakuna aliyelia hata katika salle. Mama Salima alikuwa anasoma dua kwa midomo tu. Papa yake Zawadi alitolewa akiwa hai, mkono umevunjika. Na ilikuwa ni wiki hiyo hiyo yule msichana alipopata nafasi ya shule katika mji wa mbali penye bahari. Nani angebaki na mzee wa mkono mmoja? Wakakaa mezani, yeye na papa yake. Mzee akavua kofia. Akafungua kinywa.

Courant ikaondoka.

Watu wakaguna, "Aaa!" Nawe ukachelewa kuanza kuliko kawaida yako, mpaka mtu akakuita, "Papa, uko hapo?" Ndipo sauti yako ikatoka gizani, chini chini, nami naiandika hapa jinsi ninavyoisikia hadi sasa:

"Zawadi, sikiliza. Mama yako alikufa, ukabaki na miye. Sikujua kusuka nywele. Nilikusuka mubaya, watoto wakakucheka ku masomo. Lituma yangu ilikuwa na mabonge, ukaikula bila kusema kitu. Miye hapana mutu wa maneno. Lakini ukibaki hapa juu ya kunihurumia, kila siku nitakuona unafagia hii nyumba na nitajua ni miye nilikufunga. Sitaki. Enda, mutoto yangu. Enda usome. Ukikumbuka kurudi, mulango iko wazi. Ukisahau, hapana mubaya, miye sitasahau."

Nilisikia mama Salima anavuta kamasi. "Yule Mujerumani," akasema, "iko mutu muzuri sana."

Courant ikarudi, wakakupigia kelele upeleke mbele, ukapeleka mbele. Zawadi alikuwa tayari yumo kwenye treni, paji la uso kwenye dirisha, machozi yanamtiririka. Sisi sote tulijua kwamba analia kwa ajili ya upendo wa papa yake. Watu walitoka nje kwenye jua wakipangusa macho, hata wale wa karate.

Sasa nikuambie kitu ambacho hukukijua. Nilimwonea wivu msichana yule. Alikuwa na jina langu, mama yake amekufa kama wangu, lakini yeye alikuwa na papa anayeongea. Mimi nilikuwa na wewe. Nyumbani ulikula ukiangalia sahani. Nilipopata nafasi ya kwenda Kinshasa kusomea ukunga, nilikuja kukuambia, ukasema "Bon," ukaenda kutia mafuta mnyororo wa toleka. Siku ya safari ulinibeba hadi bandarini na mzigo wangu mbele yako juu ya usukani, mlima na tambarare, hukusema neno. Ulifunga sanduku langu kwa kamba, ukaivuta, ukaivuta tena. "Inakaza," ukasema. Basi. Boti ikaachana na ukingo, nikakuona umesimama na baiskeli yako, unaangalia ile kamba au mimi, sijui.

Nilikukasirikia, papa. Kule mtoni, tunapita Basoko, maji ya Aruwimi yanaingia meusi katika mto mkubwa, wanawake wanakuja na mitumbwi kutuuzia samaki wa moshi, mimi nilikuwa nimelala juu ya mzigo wangu najiuliza: huyu mzee amenipa ruhusa au ameshindwa tu kunizuia? Niende kwa moyo mweupe, au nirudi? Hukunituma, hukunikataza. Swali hilo nilisoma nalo, nikarudi nalo, nikaolewa nalo. Tuliishi tena pamoja miaka mingi hapa Kabondo, ukazeeka mikononi mwangu, ukawa unamfundisha Merveille kupanda baiskeli, na kila nilipotaka kukuuliza nilikukuta unatafuta spana. Wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mimi mshindo niliungoja mpaka tukakuzika.

Basi, Merveille. Nilikuwa nimemsimulia filamu ile toka akiwa mdogo, na yeye, mtoto wa siku hizi, akaitafuta kwenye mtandao na kuipata. Jumapili iliyopita, mvua inapiga mabati, akasimamisha simu yake juu ya meza, akaiegemeza kwenye sufuria. "Tuitazame pamoja, mama. Halafu unipe jibu lako la Lubumbashi. Leo." Nikasema sawa. Nilifurahi kwamba nitapata muda wa kujificha kidogo.

Papa, ni yenyewe! Mlima wa mawe, moshi, zile nguo darini. Nilikuwa nasikia mvua na salle na karanga, kila kitu kimechanganyika, na nilikuwa naogopa kupumua nisije nikaamka. Msichana alijisuka mbele ya kioo kama siku ile. Njiwa walirudi. King'ora kililia. Wakakaa mezani. Mzee akavua kofia, akafungua kinywa, nami nikainama kwenye simu kusubiri yale maneno yako.

Akasema, "Baki."

Hivyo tu. Akaangalia mkono wake uliofungwa, akaongeza, "Nyumba hii bila wewe ni shimo lingine." Msichana akainuka. Usiku wa kuondoka mzee hakutoka chumbani. Asubuhi yule binti alipita mbele ya dirisha lake lililofungwa, akaenda peke yake kwenye treni, na kule kwenye treni hakuwa analia kwa ajili ya upendo hata kidogo.

Nilirudisha nyuma. Nikatazama tena. Hakuna nywele. Hakuna mabonge. Yule msichana alikuwa anajisuka mwenyewe toka mwanzo wa filamu. Aliyesukwa vibaya nilikuwa mimi. Aliyechekwa shuleni, mimi. Aliyekula lituma ya mabonge akanyamaza, mimi! Miaka yote hiyo nilimwonea wivu mtoto wa watu kwa maneno yangu mwenyewe. Ulikuwa umeitazama kaseti asubuhi, ukajua mzee yule atasema nini, ukakataa. Ukanisemesha mbele ya Kabondo nzima, gizani, na kinywa cha kuazima, kwa sababu hicho ndicho kinywa pekee ulichokuwa nacho. Lo, papa! Nililia pale mezani kama mtoto wa jana. Nililia kwa furaha, na kwa hasira pia, nikuambie ukweli. Ungeweza kuniambia mara moja, hata moja, unanitazama.

Kumbe wakati nalia, Merveille alikuwa ameyaelewa mambo kwa njia yake. Aliyasoma maandishi. Alimwona mzee anasema baki, akaniona mimi nakirudisha kipande kile nyuma, tena na tena, machozi yananitoka. Akazima simu polepole.

"Bon, mama," akasema. "Nimeelewa." Akainuka, akachukua sufuria, akaenda jikoni kuosha vyombo. Hakununa. Nilisikia tu kwamba haimbi.

Sitakuficha kitu: nilikaa. Kwa kitambo nilikaa, na ile "baki" ilikuwa tamu kinywani mwangu. Nisingehitaji hata kuisema. Mjerumani alikuwa amekwisha kunisemea, na mtoto alikuwa amekwisha kutii. Angebaki hapa, angepata kazi sokoni au katika ofisi, tungezeeka pamoja. Nilijua ningenyamaza tu, na ingekuwa hivyo.

Niliinuka nikaenda jikoni. Nikamtoa sahani mkononi. "Merveille, niangalie."

"Nimeelewa, mama. Hapana shida."

"Hujaelewa kitu. Yule ni papa ya watu. Miye ndiye mama yako, na miye nakuambia: enda."

Akaniangalia. "Na weye, mama?"

"Miye nitalia," nikamwambia. "Nitalia sana. Enda hivyo hivyo."

Alinikumbatia na mikono ya sabuni, kikwembe changu kikalowa chote. Ataondoka wiki ijayo. Nimempangia samaki wa moshi na unga wa muhogo, anasema Lubumbashi nao wana chakula, nimemwambia anyamaze. Jana nimemkuta anaimba tena.

Pumzisha sauti yako sasa, papa. Nilichokuwa nakiuliza nimekisikia.

Mimi, binti yako uliyemsuka vibaya,
Zawadi